Boriti ya Sebuleni

Fundi mwashi alikuwa akigonga ukuta wa sebule kwa kitako cha nyundo, huku ametega sikio. Hivyo ndivyo alivyoianza kila kazi ya nyumba kuukuu ya mawe: anagonga, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena. Panapotoa sauti nzito, jiwe ni zima. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na jiwe na itabidi ibanduliwe. Watu walimwita Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye kipande cha chuma aliotembea nao mfukoni kupimia kuta, na kwa sababu hajawahi kukiri kwamba ameona kitu kilichonyooka, ukijumlisha na mwendo wa binadamu wenzake.

Alipofika kwenye baka la unyevu karibu na dirisha, akagonga mara mbili.

"Karibu," ukuta ukasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye kikohozi kidogo. Timazi akachomoa chaki nyuma ya sikio, akachora alama ya kukata.

"Hapa pana uwazi," akasema.

Aliyeambiwa ni Kitinda, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, msichana pekee baada ya wavulana watatu, na jina hilo la utani lilimganda mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Kaka zake walishajenga kwao, kila mtu na mji wake. Yeye alibaki kumuuguza mama, na mama alipofariki akabaki tu, maana hakuna aliyemwambia aondoke wala aliyemwambia akae. Kaka mkubwa alipoamua nyumba ikarabatiwe ipangishwe, kazi ya Kitinda ikawa kuwafungulia mafundi geti, kuwachemshia chai na kupokea simu za kaka mkubwa.

"Baka hili la siku nyingi?" Timazi akauliza.

"Tangu nikiwa mtoto. Marehemu baba alilipiga simenti, likarudi. Tukawa tunalifunika kwa kalenda."

"Simenti juu ya chokaa ni sawa na kumvisha mtu koti la mvua akalale nalo. Jasho litatoka wapi?" Aliinama akalinusa baka. "Na huyu aliyemo humu ndiye mwenye unyevu. Mtu hawezi kupumua ukutani miaka yote hiyo, ukuta ukabaki mkavu."

Kitinda akammiminia chai. "Basi bandua," akasema.

Simenti ilitoka vipande vipande. Kwanza kikaonekana kiwiko, kisha bega, kisha shavu lililopauka kwa chokaa. Timazi alibadilisha tindo, akachukua ile ndogo, akafanya kazi ya puani na masikioni taratibu, kama anamenya yai la kuchemsha. Alipomaliza, shangazi yake Kitinda alikuwa amesimama ndani ya ukuta, uso ukielekea sebuleni, na ile boriti kuu inayobeba sakafu ya ghorofani imelala kwenye bega lake la kulia. Mikono yote miwili ilikuwa juu, imeishika isiyumbe.

"Shikamoo shangazi," Kitinda akasema.

"Marahaba mwanangu. Umekuwa mtu mzima."

"Ndiyo."

"Pole na msiba wa mama yako. Nilisikia kila kitu, ila sikuweza kuja."

"Ahsante, tumeshapoa."

Timazi akamsogezea kikombe mdomoni. Shangazi akanywa, akaomba sukari iongezwe.

Ndani ya nyumba ile, mtu alipouliza habari za dada yake baba alijibiwa, "Yupo." Jibu lilikuwa sahihi, na kwa kuwa lilikuwa sahihi hakuna aliyeuliza la pili. Mambo yalikuwa hivi. Baba alinunua meza kubwa ya kulia, ya mninga, ambayo haikuingia sebuleni. Badala ya kuirudisha meza, akabomoa ukuta wa katikati na nguzo yake ya kando ya dirisha. Boriti ikaanza kulia. Shangazi alikuwa anapita na beseni la nguo, baba akamwambia, "Dada, nishikie hapa kidogo, seremala analeta nguzo." Shangazi akaweka beseni chini, akashika. Seremala akasema kesho. Mwashi wa siku hizo hakutaka kupoteza siku yake kwa kumsubiri mtu, akapiga lipu palipokuwa tayari na pasipokuwa tayari. Nguzo ilipofika ilikuta kazi imeisha, na kwa vile meza ilikuwa inabonyea katikati, ikakatwa ikawa mguu wa tano wa meza.

Kitinda alilisikiliza simulizi lile akiwa ameegemea meza yenyewe. Ilikuwa imefunikwa nailoni kuikinga na vumbi.

"Unataka kutoka, shangazi?" akauliza.

"Nataka kukaa chini," shangazi akasema. "Nimekuwa nikilifikiria hilo sana. Kukaa chini, nikunje magoti, halafu jioni nipande chumbani kwangu nilale. Sina lingine."

Kitinda akampigia simu kaka mkubwa.

"Kaka, shangazi ametokea ukutani."

"Yuko salama?"

"Yuko salama. Ila boriti iko begani kwake."

"Basi na boriti iko salama," kaka mkubwa akasema. Kwa nyuma ilisikika mashine ya kahawa, na mtu akicheka. "Msiguse kitu. Wapangaji wanaingia mwisho wa mwezi, sitaki kusikia habari za dari kuanguka. Nikija tutaliangalia."

Kitinda akasema sawa. Kisha akavaa viatu akaenda kwa seremala, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kukaidi baada ya kusema sawa. Alitembea upesi njia nzima, ingawa karakana ilikuwa mtaa wa pili tu.

Seremala wa sasa alikuwa mtoto wa yule wa zamani. Alirithi randa, misumeno na namna ya kutaja siku.

"Nguzo ya boriti ya sebuleni," akasema, akipuliza unga wa mbao kwenye nyusi. "Naijua hiyo. Marehemu mzee aliniambia kabisa, yule mama bado anasubiri. Nitapita kupima kesho."

"Leo," Kitinda akasema.

Seremala akamtazama, akachukua futi kamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi tu, kama baba yake.

Walipofika jioni, seremala akiwa amemaliza kwanza kazi ya mkononi, walikuta kaka mkubwa ameshawasili, maana dari lilikuwa limemkosesha raha. Alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia shangazi kwa kuinama, akamwonyesha picha za watoto wake kwenye simu, akazisogeza moja baada ya nyingine ili asipate shida ya kushusha mkono. Shangazi alifurahi kumwona. Akaweka shingo sawa, akatoa kifua mbele, kama mtu mzima yeyote anapotembelewa. Seremala akapima, akaandika kipimo kwenye kiganja kwa kalamu ya risasi, akaaga.

"Nguzo ya nini?" kaka mkubwa akauliza.

"Ya shangazi," Kitinda akasema.

Kaka mkubwa akapanda ghorofani kuangalia vigae vya bafu.

Nguzo ilikuja baada ya kesho nyingi za seremala. Timazi alimpokea kizingitini. "Kesho yako ina ndevu," akamwambia, "tena zimeota mvi." Wakaiingiza sebuleni, wakaisimamisha kando ya shangazi, na nguzo ikagoma. Ilikuwa ndefu mno, kiasi cha upana wa vidole viwili. Seremala akakitazama kiganja chake, akapima upya, akapata kipimo kingine.

"Nyumba imeshuka," akasema.

"Nyumba haishuki kwa wiki moja," Timazi akasema. "Wewe ulipima kuna mgeni. Mama akiwa na wageni anajinyoosha. Sasa hivi tupo sisi tu, amelegea."

Shangazi alikiri kwamba ndivyo alivyolelewa.

"Naipeleka karakana nikaipunguze," seremala akasema. "Kesho..."

"Hapana," shangazi akasema. "Hiyo nilishaisikia. Shikeni nguzo."

Akavuta pumzi. Akajinyoosha kama aliyepata wageni wa maana, boriti ikapanda naye, ghorofani kikasikika kigae kimoja kikipasuka, na nguzo ikateleza mahali pake. Timazi akagonga kabari kwa nyundo, akatoa uzi wake, akafumba jicho moja. Akasema haijanyooka lakini itabeba. Shangazi akatoka ukutani kwa kutanguliza mguu wa kushoto. Nyuma yake likabaki umbo lake kwenye mawe, safi, lenye nafasi ya visigino na nafasi ya kisogo.

Kitinda alimwekea maji ya moto. Chokaa ilitoka mwilini kwa tabaka, mpaka maji ya bafuni yakawa kama maziwa. Mikono ilikataa kushuka. Shangazi alikaa kitini ameiinua yote miwili, akalishwa, na akasema ganzi si kitu kibaya sana, kwa sababu mtu anajua ana mikono bila kusumbuliwa nayo. Mpaka jioni mikono ilikuwa imeshuka hadi usawa wa masikio. Akapanda ngazi polepole kwenda chumba cha mwisho, chenye dirisha linaloona jua la asubuhi.

Kitanda kilikuwa kipya, godoro halijatolewa nailoni. Kaka mkubwa alikuwa dirishani akijaribu komeo.

"Hiki ni cha mwanangu," akasema kwa heshima, "akija likizo."

"Huwa anakuja?" shangazi akauliza.

"Hajawahi. Lakini akija."

"Babu yenu alinipa mimi chumba hiki. Alitamka hivyo mbele ya watu."

"Lini, shangazi?"

"Kabla sijashika boriti."

Kaka mkubwa akakuna kidevu. Hakuwa akibishana, alikuwa anatafuta tu namna ya kulieleza jambo bila kumuumiza mzee. "Baada ya arobaini ya mama tulikaa tukagawana. Ghorofani, chini, uani, kila kipande. Mwenye la kusema alisema siku ile. Wewe hukusema."

"Nilisema. Nilisema kwa sauti. Mmoja wenu akasema kuna panya."

"Shangazi, tuliokuwepo mezani tunajuana."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika boriti juu ya meza yenu."

"Ndiyo maana basi hatukukuona," kaka mkubwa akasema kwa upole, na akamshika kiwiko kumsaidia kushuka ngazi.

Kitinda aliyasikia hayo akiwa koridoni na mashuka mikononi. Naye siku ile ya kugawana hakuwa mezani. Alikuwa jikoni anaosha vikombe, na alipoingia kuchukua sinia walikuwa wanapeana mikono. Hakuwahi kuuliza yeye alipata nini. Sasa jibu lilimfika lote kwa mara moja, likamuuma, lakini kwa mbali, kama jino lililokwisha chomwa sindano. Alijua kwamba anapaswa kulia. Alisubiri machozi kidogo pale koridoni, hayakuja, akashuka na mashuka yake.

Siku hizo Kitinda alikuwa akilala stoo ya nyuma ya jiko, katikati ya makopo ya rangi na mbao za jukwaa la mafundi, kwa sababu chumba chake cha zamani kilikuwa kinawekwa bafu la wapangaji. Akamtandikia shangazi godoro, yeye akatandika mkeka. Shangazi alijaribu kulala chali, akajaribu ubavu. Mgongo ulikuwa umesahau. Mwishowe alisimama, akaegemea mbao, akasinzia akiwa wima, na Kitinda akaona haya kulala mbele ya mtu aliyesimama.

Mchana shangazi alitafuta pa kukaa. Meza ilikuwa na viti, lakini kila kiti kilikuwa na mwenyewe, hata kama mwenyewe alikuwa mji mwingine. Shangazi alipovuta kimoja, Kitinda mwenyewe aliropoka bila kufikiri, "Hicho cha kaka wa pili." Akakaa kwenye ngazi, mafundi wakawa wanapita na ndoo wakimwomba radhi. Akakaa barazani, fundi rangi akaja kupaka baraza. Alikunja magoti mara kadhaa, kama alivyotamani, na kila alipoyakunja akaja mtu mwenye sababu nzuri. Hakuna aliyemkosea adabu hata mara moja. Waliomwamkia asubuhi walimwamkia na jioni. Kaka mkubwa alimnunulia gauni jipya la kijani na kandambili, akamwambia, "Jisikie nyumbani, shangazi."

"Wapangaji wakija atakaa wapi?" Kitinda akamuuliza kaka yake, wakiwa wawili jikoni.

"Tutaliangalia."

"Mpe chumba cha mwisho, kaka. Mtoto wako haji."

"Nikimpa yeye, kesho utakitaka wewe," kaka mkubwa akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Alimpa kikombe chake akioshe.

Kitinda akakiosha. Alitaka kusema ndiyo, nakitaka, na nakitaka tangu zamani. Maneno yalikuwepo, yamepangika vizuri, lakini hayakuwa na wa kuyasukuma. Akafuta kikombe kwa kitambaa, akakirudisha kabatini kwenye safu ya vikombe vya wageni.

Asubuhi iliyofuata Timazi alifika na ndoo ya chokaa aliyokuwa ameiloweka tangu mwanzo wa kazi, akamkuta shangazi amerudi ukutani. Alikuwa amevaa gauni lake jipya. Visigino vimekaa penye nafasi ya visigino, kisogo penye nafasi ya kisogo, na mikono iko juu. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeingia kitandani.

"Umerudi, mama?" Timazi akauliza.

"Nimezunguka nyumba nzima," shangazi akasema. "Pote pana mtu, hata pasipo na mtu. Hapa tu ndipo pananitosha."

Kaka mkubwa aliitwa. Alisimama mbele ya ukuta, mikono mfukoni. Kisha macho yake yakahamia kwenye nguzo.

"Sasa nguzo mbili za nini?" akasema. "Hii imechongwa vizuri, inafaa barazani. Itapendeza kwenye picha."

Seremala akaitwa, na safari hii alikuja siku hiyohiyo. Shangazi akajinyoosha, kwa kuwa kulikuwa na watu, kabari ikatoka, nguzo ikatoka, na boriti ikashuka kwenye bega lake bila kelele. Nguzo ikasimamishwa barazani, ikapakwa vanishi. Kweli ilipendeza.

Timazi alikoroga chokaa na mchanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Uzi wake wa kupimia ulibaki mfukoni. Kitinda alimshikia ubao wa lipu. Walianza miguuni, wakapanda.

"Usiweke simenti, mwanangu," shangazi akamwambia fundi. "Inabana kifua."

"Ni chokaa tupu, mama."

Walipofika mabegani Kitinda akamshika Timazi mkono, mwiko ukasimama hewani.

"Shangazi, toka," akasema. "Njoo ukae kwangu."

Shangazi akamtazama. Hakukuwa na kejeli wala lawama machoni mwake. Alikuwa anataka kujua kwa kweli.

"Kwako wapi, mwanangu?"

Kitinda akafikiri. Alipitisha nyumba kichwani, ghorofani, chini, uani, mlango kwa mlango, mpaka stoo, ambayo wiki ijayo ingewekwa mashine ya kufulia ya wapangaji. Akafikiri tena kuanzia mwanzo. Timazi alisubiri mpaka chokaa ya kwenye mwiko ikaanza kukauka, akairudisha ubaoni, akachota nyingine. Kitinda akauachia mkono wake.

Uso ulimaliziwa mwisho. Timazi aliupiga lipu nyembamba, akaulainisha kwa sifongo, na puani akaacha vitundu viwili ambavyo usingeviona usipoambiwa. Alipomaliza aliukinga ukuta kwa gunia lililolowa, akamweleza Kitinda kwamba lipu ya chokaa haitaki haraka. Ni lazima iloweshwe asubuhi na jioni mpaka ishike, la sivyo itapasuka. Akaosha mwiko wake, akaondoka bila kumaliza chai.

"Nani atailowesha?" kaka mkubwa akauliza, kisha akajijibu. "Wewe si upo?"

"Nipo," Kitinda akasema.

Wapangaji walikuja kuitazama nyumba mwisho wa mwezi, mume na mke, watu wastaarabu waliovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kaka mkubwa aliwatembeza. Waliisifu baraza, wakaisifu nguzo yake, wakapenda chumba cha mwisho kwa sababu ya jua la asubuhi, na kaka mkubwa akawaambia hicho nacho kipo, hakina shida. Sebuleni mke aliweka kiganja ukutani, karibu na dirisha. Akasema ukuta una ubaridi mzuri, na kwamba anahisi kama unapumua. Kaka mkubwa akamweleza kuwa hiyo ndiyo sifa ya chokaa.

"Na kuna mtu anakaa humu kwa sasa?" mke akauliza. "Tusije tukamhamisha mtu kwa ajili yetu."

"Hapana," kaka mkubwa akasema. "Nyumba iko tupu."

Kitinda alisubiri mke aondoe kiganja, akachovya brashi kwenye ndoo, akaendelea kuulowesha ukuta.